Ukuta wa Chini ya Ngazi

Kibanda changu cha kushonea ndicho kilichokuwa cha kwanza kupigwa msalaba, na aliyeupiga ni baba yangu mzazi. Alikuja asubuhi na kipande cha chaki, akaniambia, "Sogeza cherehani kidogo, mwanangu," akachora mistari miwili iliyokatana kwenye ukuta wa mbao nyuma ya kichwa changu, kisha akaenda zake kibanda cha pili bila hata kuniuliza nimeamkaje. Mteja niliyekuwa nikimpima gauni akaniuliza yule mzee ana nini. Nikamjibu kwamba ana ukweli, na ugonjwa huo hauna dawa.

Watu wanamwita Mwiko. Jina alilopewa na wazazi wake tunalijua mimi, yeye na karani aliyemwandikia kitambulisho. Ni mwashi, na ule mwiko wa kupigia plasta ulikuwa haumtoki mkononi, hata Mama akawa anamtania kama angependa na chakula apakue kwa huo huo. Nasimulia habari zake kwa hasira na sioni sababu ya kuficha. Kuna kijitabu cha picha kinachogawiwa mapokezi pale hotelini, kinaeleza jengo lile lilikuwa nini na likaja kuwa nini. Nimekisoma mwanzo mpaka mwisho mara mbili. Baba yangu hamo hata kwa bahati mbaya.

Jengo liko kwenye kona, barabara kuu inapokutana na mtaa wa mawakili. Lina ghorofa tatu za mawe ya kuchonga, mlango wa mbao nzito wenye vifundo vya shaba, na ndani yake ukumbi mkubwa ambao ngazi pana ya mawe inapanda kutoka upande wa kushoto. Lilijengwa kuwa benki. Benki ilipofunga, ofisi ya ushuru ikaingia, ikakaa, ikahama. Baadaye likanunuliwa na mfanyabiashara mmoja tuliyekuwa tukimwita Tajiri, mtu mnene, mpole, mwenye kuogopa ngazi kwa sababu ya magoti yake. Huyo ndiye aliyemleta Baba, wakati huo kijana ambaye ndevu zilikuwa bado zinasitasita kuota. Akamsimamisha katikati ya ukumbi, akamwambia, "Nigawie huu vyumba vinne. Nimepata mpangaji wa mashine za kupiga chapa."

Kwa Baba, hapo ndipo jengo lilipoanza. Kumbukeni hilo, maana ndilo lililotuponza.

Mashine za chapa zilikaa miaka kumi na mmoja. Zilikuwa zikitikisa sakafu mpaka vikombe vya jirani vinacheza rafuni. Zilipoondoka ikaja shule ya taipu, wasichana sitini wakigonga herufi kwa pamoja huku mwalimu wao akipiga meza kwa rula, na Baba akabomoa vyumba vinne akatengeneza madarasa mawili. Kompyuta zikaimaliza shule ile. Yakaja marobota ya nguo za mitumba, jengo likawa ghala. Baba akaondoa madarasa na kupanua mlango wa nyuma ili mikokoteni ipite. Mwishowe vikaja vibanda. Ukumbi wa benki ukakatwakatwa kwa mbao nyembamba kuwa vyumba thelathini na viwili, vya simu, vya viatu, vya vipodozi, na kimoja cha kwangu. Kinyozi alipewa kile chumba cha hazina chenye mlango wa chuma unene wa shubiri, na watu wakawa wanasema wanakwenda benki kuweka nywele.

Kila mpangaji alikuja na jengo lake kichwani, na kila mara aliyeitwa kulitoa kichwani na kulisimamisha ni Baba. Lakini alikuwa na namna yake ya kufanya kazi, na sijaiona kwa fundi mwingine. Ukuta wowote aliouongeza mle ndani hakuufuma na ukuta wa zamani. Aliacha mwanya mwembamba, akaujaza chokaa laini isiyoshika sana. Aliuita ukuta mgeni.

"Mgeni lazima aweze kuondoka bila kumng'oa mwenyeji meno," alikuwa akiniambia nilipokuwa mdogo, nikimpelekea chai kwenye jukwaa lake. "Huyu atakaa, atachoka, atahama. Ukimfuma na jengo, siku ya kumtoa utalitoa na jengo nyama."

Na kweli, kila mpangaji alipohama Baba aliziondoa kuta zake kama mtu anayetandua kitanda, na ukuta wa benki ukabaki chini yake mzima, bila jeraha.

Ukuta mmoja tu aliufuma. Mwaka aliomwoa Mama, Tajiri alimruhusu atengeneze chumba cha kuishi chini ya ngazi, mahali palipokuwa wazi wakati huo, pakiwekwa ndoo na mifagio. Baba aliposafisha sakafu alikuta mstari, mawe ya sakafu yamebadilika rangi kidogo, umenyooka toka mguu wa ngazi hadi ukuta wa nyuma. Hakujiuliza umetoka wapi. Mstari ulionyooka kwa Baba ni kama chakula kilichopakuliwa, anachojua ni kukaa na kula. Akaufuata, akajenga juu yake, na safari hii hakuacha mwanya. Aliyatoboa mawe ya zamani, akayaingiza mapya jino kwa jino, akatafuta mawe ya rangi ile ile kwenye vifusi vya mji mzima. Ilimchukua miezi minne. Mama alikuwa akisema aliolewa na mtu aliyekuwa ameposa ukuta kabla yake.

Nilizaliwa ndani ya chumba hicho, mkunga akiwa bado njiani. Dari yake ni tumbo la ngazi, kwa hiyo upande mmoja mtu mzima anasimama wima na upande mwingine anatambaa. Kitanda kilikuwa upande wa kutambaa. Tuliwajua watu kwa miguu yao: mwalimu wa taipu alikanyaga kwa visigino, wapagazi wa marobota walikanyaga kwa matusi, Tajiri alisimama kila ngazi ya tano kuvuta pumzi. Humo nilijifunza kushona kwa mashine ya Mama ya mkono. Humo, miaka minane iliyopita, Mama alilala kitandani wiki saba huku watu wakipanda na kushuka juu ya uso wake, na asubuhi moja akaniambia nimsogeze ukutani, anataka ubaridi wa mawe. Alikata roho mgongo wake ukiwa umeegemea ukuta ule. Baba hakuruhusu kamwe upakwe rangi.

Tajiri alipozeeka kabisa, wanawe wakamshikilia auze. Alikubali, lakini kwenye mkataba wa mauzo alilazimisha kiandikwe kifungu kimoja, na mimi ndiye niliyemsomea Baba, maana mtoto wa jicho alikuwa ameshaanza kumfunika na herufi zilikuwa zikimkimbia. Kilisema hivi: "Fundi Mwiko ataendelea kukaa katika chumba chake cha chini ya ngazi maisha yake yote, maadamu chumba hicho kipo." Baba akaomba nirudie. Nikarudia. Akasema Tajiri ni mwanamume. Miezi mitatu baadaye Tajiri tukamzika.

Walionunua walitaka hoteli, tena si hoteli ya hivi hivi. Baraza la mji lilikuwa limeshaliweka jengo kwenye orodha ya majengo ya kale, na sharti likawa moja: lirudishwe lilivyokuwa siku lilipojengwa. Cha zamani hakiguswi. Kilichoongezwa baadaye kinaondolewa. Wakaleta mtaalamu wa mambo hayo, binti mwembamba mwenye kofia ngumu na daftari, mwenye adabu zake, aliyemwamkia Baba shikamoo kila mara walipokutana hata kama ni mara sita kwa siku. Alipogundua kwamba mzee huyu ndiye aliyejenga na kubomoa humo kwa miaka arobaini na mmoja, nusura amkumbatie. Akampa chaki. Kila kisichokuwapo mwanzo, akipige msalaba.

Sijawahi kumwona Baba na furaha kama ya wiki ile. Mtu aliyekuwa akilalamikia mgongo alipanda hadi darini. Alimfundisha binti yule kupitisha ukucha kwenye mwanya wa ukuta mgeni na kusikia chokaa inavyolegea. Alimweleza kila tundu la skrubu. Binti akaandika, Baba akaongea, na misalaba ikajaa jengo zima kama makaburi. Wenzangu wa vibandani wakaninunia, eti baba yangu ndiye anayewafukuza. Ningewajibu nini? Mimi mwenyewe nilikuwa nashona chini ya msalaba.

Lakini kibanda changu sikukililia. Cherehani inabebeka. Nilichokiogopa ni kile chumba, na hesabu yake ilikuwa nyepesi: ukuta wa chini ya ngazi ukihesabiwa wa zamani, hakuna atakayeugusa, chumba kipo, na Baba yumo mpaka siku yake. Ukihesabiwa wa kuongezwa, unavunjwa, chumba hakipo, na Baba hayumo. Nikamfuata mchana mmoja, nikamkuta amekaa kitandani anasugua magoti.

"Baba, wakifika hapa utasema nini?"

"Wakifika hapa wapi?"

"Usijitie hamnazo. Hapa. Kwenye huu ukuta."

Akapapasa mawe. "Huu nimejenga mimi."

"Najua umejenga wewe. Na ukiwaambia hivyo watauvunja, watakutoa. Kuna ubaya gani ukisema hukumbuki? Una umri wa kusahau."

"Sijasahau."

"Baba, sikuombi useme uongo. Nakuomba unyamaze." Sauti yangu ilianza kutetemeka, nikaona haya, mtu mzima na watoto wawili. "Mama amefia hapa. Wewe utakwenda wapi? Kwangu ni vyumba viwili, na kimoja kimejaa vitambaa."

Akarudi kusugua magoti. Halafu akasema, "Wakiniuliza, nitasema sikumbuki." Nikamwapisha kwa jina la Mama. Akaapa.

Na angetimiza. Nalisema hili kwa sababu Baba si mtu wa kuvunja kiapo. Angeulizwa, angenyamaza. Hakuulizwa. Alisifiwa.

Ilikuwa siku ya mwisho, nami nilikuwapo, nimefunga kibanda makusudi. Binti mtaalamu alifika chini ya ngazi na meneja wa ile kampuni ya hoteli, mtu wa suti na simu mbili. Baba akasimama kando na chaki yake, kimya kama alivyoahidi. Binti akapitisha ukucha kwenye kona, hakupata mwanya. Akapiga magoti. Akamulika kwa tochi, akafuata jiwe baada ya jiwe, na nikaona uso wake unachanua.

"Njoo uone hapa," akamwambia meneja. "Hii ndiyo kazi nzuri kuliko zote jengo zima. Tazama mawe yanavyoingiliana. Huu ni ule ule ukuta wa kwanza, haujaguswa. Siku hizi huwezi kumpata fundi wa kukufanyia hivi. Mafundi wa namna hii walikwisha zamani."

Roho yangu ikatua. Nikaanza kufikiria nitanunua pazia jipya la mlangoni. Ndipo nikamsikia Baba anacheka.

Nikamkanyaga mguu.

"Unanikanyaga kwa nini?" akaniuliza kwa sauti, mbele yao. Kisha akamgeukia binti. "Walikwisha wapi, mama? Mbona mimi nipo? Huo nimejenga mimi. Miezi minne. Hilo jiwe lenye doa nilikwenda kulitoa kwenye daraja lililovunjika, nikalibeba begani."

Binti akatabasamu kama mtu anayemstahi mzee anayetia chumvi. "Mzee wangu, haiwezekani. Huu umefumwa."

Asingelisema neno hilo, pengine tungepona. Baba yangu amevumilia mengi: njaa, wapangaji, wanawe Tajiri, upofu unaomnyemelea. Kuambiwa haiwezekani juu ya kazi ya mkono wake hakuweza. Akainama, akagonga jiwe la tatu kutoka chini kwa kifundo cha kidole, akasema, "Litoe hili. Nyuma yake nimeandika tarehe na jina la mke wangu."

Wakalitoa siku ile ile. Tarehe ilikuwapo. Jina la Mama lilikuwapo, limechorwa kwa msumari kwenye saruji ikiwa mbichi. Binti mtaalamu alisimama pale akilitazama, na nitampa haki yake, alisema kwa unyonge, "Mzee, ungeniacha tu." Meneja alikuwa ameshaanza kupiga simu. Baba akachukua chaki, akapiga msalaba kwenye ukuta wake mwenyewe, mkubwa kuliko yote. Nilimchukia wakati ule. Nilimchukia na nikataka kumbeba mgongoni.

Barua ilikuja baada ya wiki mbili, nikamsomea. Tulihamisha kitanda, sanduku, mashine ya Mama na ndoo ya zana. Akaanza kulala sebuleni kwangu, kati ya cherehani na marundo ya vitambaa, miguu imetokeza nje ya godoro. Mume wangu alimpisha kwa moyo safi, lakini nyumba ndogo ni nyumba ndogo. Wateja wangu walivua nguo kujipima nyuma ya pazia huku mzee akikohoa upande wa pili. Hakulalamika. Alikaa kwenye kiti akipapasa ukuta wa nyumba yetu kwa kiganja, na siku moja akaniambia, "Fundi aliyejenga hapa alikuwa na haraka."

Ulipita mwezi na nusu. Siku hiyo nilikuwa nikitia vifungo nikaona binti mtaalamu amesimama mlangoni, kofia mkononi, hana raha. Baada ya kumwamkia Baba hakukaa. Akasema walipovunja ukuta waliukuta ule mstari wa sakafuni. Akatafuta sana kwenye makabrasha ya baraza la mji, hatimaye akapata ramani ya benki, ya kwanza kabisa. Chini ya ngazi palikuwa na ukuta. Palikuwa na chumba. Kimeandikwa kwa wino: chumba cha mlinzi. Ofisi ya ushuru ndiyo iliyokibomoa ipate mahali pa kuweka makabati, miaka mingi kabla Baba hajakanyaga pale.

Nikaacha vifungo. "Kwa hiyo kilikuwapo mwanzo."

"Kilikuwapo. Mzee alijenga palepale kilipokuwa, bila kujua."

Baba alikuwa amefumba macho. "Nikaufuata tu ule mstari," akasema. "Ulikuwa umenyooka."

Miaka arobaini na mmoja mtu anaijua nyumba kuliko anavyojua viganja vyake, kumbe alichokijua ni kuanzia siku aliyoingia. Alidhani mwanzo wake ndio mwanzo. Ningemlaumu, ila sote tumejengwa hivyo.

Nilikwenda kwa meneja siku ya pili. Sikusubiri kuitwa. Nikamwambia kwamba wanatakiwa kukirudisha kile chumba, sharti lao lenyewe linasema hivyo, na kikirudi, Baba anarudi. Akanisikiliza akiwa amekunja mikono, akanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa kwanza, kwamba anamheshimu sana mzee, kwamba mzee ni hazina. Kisha akafungua faili.

"Mkataba unasema maadamu chumba hicho kipo. Chumba hicho hakipo tena. Tutakachojenga ni kingine."

"Palepale?"

"Palepale."

"Ukuta ule ule?"

"Ukuta kama ule, mama. Kama ule si ule."

Nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watoto wangu. Aliyapokea kwa utulivu wa mtu mwenye wakili. Nilipokuwa natoka akaniita, akaniuliza, bila hata haya ya kukohoa kwanza, kama mzee angeweza kuja kuwasimamia mafundi, maana wamejaribu wawili na hakuna aliyeweza kufuma.

Nilimpelekea Baba ujumbe huo nikitegemea tutaucheka pamoja. Akaomba ndoo yake ya zana.

"Huna hata kinyongo, Baba? Wamekutoa kama paka, leo wanakuita uwajengee!"

"Ukuta haujanikosea kitu," akasema.

Alikwenda kila asubuhi kwa wiki sita. Nilikuwa nikimfikisha mlangoni na kumfuata jioni, kwa kuwa barabara alikuwa haioni vizuri tena. Mafundi waliniambia anafanya kazi kwa vidole. Anashika jiwe, analigeuza, analinusa karibu, anasema hili hapana, hili ndilo. Timazi ya kunyooshea ukuta alikuwa akiipima kwa kuugusa uzi wake kwa mdomo, asije akautikisa kwa mkono. Mawe yalikuwa yale yale yake, yaliyovunjwa na kupangwa uani kwa namba. Lile lenye doa alilirudisha mahali pake. Alipomaliza alirudi nyumbani akala, akalala siku mbili, na tangu hapo mgongo haujanyooka.

Hoteli ikafunguliwa. Binti mtaalamu alikuwa amekwishapelekwa kwenye jengo jingine, lakini alihakikisha tumepata kadi ya mwaliko. Tulikwenda mchana. Ukumbi ulikuwa wazi tena, mpana, unang'aa, hakuna alama kwamba kulikuwa na shule wala marobota wala mimi. Kwenye chumba cha hazina waliweka meza ya vinywaji. Baba alitembea akiburuza fimbo, akiinua pua kama mtu anayetafuta harufu ya jiko lake. Hakuipata. Nikamwongoza hadi chini ya ngazi.

Mlango mdogo uliachwa wazi, umezibwa kwa kamba nyekundu. Ndani walikuwa wametandika kitanda upande wa kutambaa, mahali pale pale, blanketi la kijivu, taa ya mafuta, jozi ya viatu vya zamani, filimbi ya mlinzi msumarini. Baba hakuiona kamba. Fimbo yake iliipitia chini, mwili ukafuata, kamba ikaanguka, na kabla sijamshika alikuwa amekwisha kuinama pale pale dari inapoanza kushuka, bila kugusa, akaketi kitandani. Akaweka kiganja ukutani. Akakisogeza polepole, akaliona lile jiwe lenye doa kwa vidole, akabaki hapo. Kwa mara ya kwanza tangu ahame nilimwona mabega yake yanashuka.

"Mzee! Mzee, hapo hapakaliwi!" Mlinzi wa hoteli, mlinzi wa kweli mwenye sare mpya, alikuja mbio. "Hicho ni cha kutazama tu. Tafadhali toka."

Baba akatoka. Aliomba radhi, yeye, aliomba radhi. Akasimama nje akishika ukuta, na mkono ukagonga kibao cheusi kilichopigwa misumari kando ya mlango, kina maandishi meupe.

"Wameandika nini hapa?"

Nikasoma kimoyomoyo. CHUMBA CHA MLINZI. KIMEHIFADHIWA KAMA KILIVYOKUWA SIKU YA KWANZA. TANGU BENKI ILIPOFUNGWA, HAKUNA MTU ALIYEWAHI KUISHI HUMU.

Nilisoma mara mbili. Nilimfikiria Mama akitafuta ubaridi wa mawe. Nilifikiria mkunga aliyechelewa. Nikamtazama Baba ananisubiri, uso ameuinua kidogo kama wanavyofanya watu wasioona vizuri, nikaamua kwamba mtu huyu amekwisha pata ukweli wa kutosha.

"Wameandika, 'Chumba hiki kimejengwa na fundi Mwiko,'" nikasema.

Uso wake ukafunguka. Nami nikapumua. Haukupita muda akakunja paji la uso.

"Hapana," akasema. "Si kweli. Aliyekijenga kwanza ni fundi wa benki. Yule binti alituonyesha. Mimi nilifuata mstari wake tu. Hawawezi kuandika hivyo, watu watasoma."

"Baba, acha."

"Niache vipi? Ni kazi ya mtu mwingine hiyo. Na yeye alikuwa na watu wake."

Mkono wake ulikuwa umeshaingia mfukoni. Sikujua kama bado anatembea na kile kipande cha chaki. Alikitoa, akapapasa kibao kutafuta pembe zake, akapiga msalaba toka kona hadi kona, mistari miwili iliyonyooka, kisha akarudisha chaki mfukoni akiwa ameridhika kabisa. Nilikitazama kibao kile na kwa muda mfupi nikawa na furaha ambayo sijawahi kuipata humo ndani.

Mlinzi akaja tena. Hakuwa mtu mbaya, aliogopa kazi yake. "Mama," akaniambia taratibu, "meneja yuko njiani na wageni wake. Tafadhali futa hiyo, asije akamdhalilisha mzee mbele ya watu."

Nilimtazama Baba. Alikuwa amegeuka, anasikiliza miguu ya wageni wakipanda ngazi juu yetu, anawahesabu. Nikashika ncha ya mtandio wangu, nikaitia mate, nikafuta mstari wa kwanza, nikafuta wa pili, nikasugua herufi moja moja mpaka ikasomeka vizuri tena kwamba humo hakujawahi kuishi mtu.